Sahani zilizofunikwa: nilivyoandika maisha ya wazee wa nyika ya Saskatchewan

"Basotu," mzee akasema, nami nimepiga magoti mbele yake namvisha soksi.

Nilidhani nimesikia vibaya. Ilikuwa alfajiri ya Novemba 2017, katika nyumba ya wazee ya mji mdogo kusini-magharibi mwa Saskatchewan, Kanada, kama mwendo wa saa moja kwa gari kutoka Swift Current. Nje baridi ilikuwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Mzee alikuwa ameniuliza natokea wapi, nami nikamjibu kama ninavyowajibu wote: Tanzania, wilaya moja inaitwa Hanang, sidhani kama unaijua. Ndipo akasema Basotu. Akaongeza Setchet, akaongeza Mulbadaw, na akayatamka vizuri kuliko Mtanzania wa Dar es Salaam ambaye hajafika kwetu. Akachora mlima kwa kidole juu ya blanketi, akanionyesha mashamba yalikaa upande gani.

Mimi ni mtoto wa Katesh. Baba yangu aliendesha kombaini kwenye mashamba ya ngano ya NAFCO, shirika la umma la kilimo la Tanzania, yale yaliyofunguliwa kwa fedha na wataalamu wa Kanada kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, hadi Wakanada walipoondoka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tumekua tukisikia habari za Wakanada mezani. Kumbe baadhi yao walitoka huku, kwenye nyika hii hii ya ngano, na huyu ambaye mguu wake ulikuwa mkononi mwangu alikuwa fundi mitambo wao miaka ya 1970.

Nikamwambia: Jumamosi nakuja na kinasa sauti, unisimulie yote. Akasema nitakungoja. Jumamosi ile nikapangiwa zamu ya ziada, nikaikubali kwa sababu nilihitaji hela. Jumamosi iliyofuata theluji ilifunga barabara. Nikapanga ya tatu. Mzee akafariki Jumanne, kwa nimonia. Nilichelewa siku nne.

Yaliyofuata nayaandika kwa ajili yenu mliotawanyika Kanada, Marekani na Ulaya mkihudumia wazee wa watu, na kwa yeyote mwenye babu au bibi aliyekaa barazani muda huu anaota jua. Nilifanya makosa mengi, na mengine yaliumiza watu. Sioni sababu ya ninyi kuyarudia.

Baada ya mazishi nilikwenda kwa kamati ya makumbusho ya mji. Makumbusho yenyewe ni shule ya zamani ya chumba kimoja, iliyong'olewa shambani ikaletwa mjini juu ya trela. Ndani mna madawati, cherehani, plau na picha ukutani. Wanakamati ni watano, mdogo wao alikuwa na miaka sitini na minane. Walikuwa na kitabu cha historia ya mji kilichotoka mwaka 1980, jimbo lilipotimiza miaka 75, kama vijiji vingi vya Saskatchewan vilivyofanya mwaka ule. Tangu hapo hakuna aliyeandika tena, na watoto waliokuwa wakitajwa mwishoni mwa kila ukoo sasa ndio waliokuwa wakisukumwa kwenye viti vya magurudumu. Nikawaambia nitazikusanya sauti bure, wao watafute hela ya kuchapa. Tukakubaliana.

Kosa la kwanza nililifanya wiki ile ile. Nilianza kuwahoji wazee nikiwa zamu, na sare ya kazi mwilini, simu mfukoni inarekodi. Meneja akaniita ofisini. Hakunigombeza. Aliniuliza: bibi akikwambia kwamba alizaa mtoto akafa, amemwambia mwandishi au amemwambia anayemwogesha? Nilikaa kimya. Kuanzia siku ile nilikwenda siku zangu za mapumziko tu, na nguo zangu za kawaida, nabisha mlango kama mgeni, na mzee ana haki ya kusema leo sitaki. Nawe ukiwa kwenye kazi hizi, anza kwa ruhusa ya ofisi kwa maandishi, kisha ya mzee mwenyewe, na kama kumbukumbu zake zimeanza kuyumba, ya mwanawe anayemsimamia. Ulichokiona kwenye faili lake, au alichokutamkia ukimfuta mgongo, kiache pale pale.

Nilikwenda kwa mzee wangu wa kwanza na maswali kumi na mawili yaliyochapwa. La kwanza lilisema: nieleze maisha yako. Aliangalia dirishani kwa muda, akasema, "Nimelima." Akanyamaza. Nikaenda la pili, la tatu, majibu ni maneno mawili mawili. Nilipokuwa nafunga daftari nikauliza tu, kwa kuagana: shamba lenu lilikuwa wapi? Akalitaja kama mtu anavyotaja jina la mwanawe wa kwanza: robo ya kaskazini-mashariki ya seksheni 14, halafu namba nyingine mbili nyuma yake.

Kule nyika yote ilipimwa miraba, kila mraba maili moja kwa maili moja, ekari 640, ndiyo seksheni. Sheria ya mwaka 1872 ilimpa mwanaume robo yake, ekari 160, kwa ada ya dola 10, mradi ajenge, aishi pale na kuvunja ardhi kwa miaka mitatu. Baba yake mzee yule aliipata hivyo. Basi nikamuuliza mlango wa jikoni ulitazama upande gani. Kusini, akasema, kwa sababu upepo wa baridi unatoka kaskazini-magharibi. Kisima je? Akanionyesha. Jirani wa kwanza? Akamtaja, na mbwa wake, na deni la mbegu ambalo halikulipwa. Tulikaa saa moja na nusu. Yale maswali kumi na mawili sikuyagusa tena. Siku hizi naanza na mlango wa jikoni.

Zile namba za shamba ziandike kwa uangalifu. Kwenye Nyaraka za Jimbo kuna mafaili ya waliopewa ardhi, na kwa namba hizo nikalipata la baba yake. Ndani mlikuwa na fomu inayoonyesha ekari alizovunja mwaka hadi mwaka, ng'ombe aliokuwa nao, ukubwa wa nyumba. Nilipompelekea nakala hakuisoma. Aliiweka kwenye mapaja akapitisha kidole juu ya saini, mara mbili, mara tatu.

Sasa niwaeleze habari ya sahani.

Tulikuwa na bibi mmoja mwenye miaka tisini. Kila akikaa mezani, kabla ya chakula, anaipindua sahani yake kifudifudi. Kikombe vilevile. Sisi wahudumu tunaigeuza, yeye anaipindua tena. Siku nyingine alikuwa analia tukimlazimisha. Kwenye daftari la zamu tuliandika: amechanganyikiwa wakati wa mlo. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika hivyo, kwa mwandiko wangu, na saini.

Mwaka 2018 nikawa namhoji bibi mwingine wa ukoo wa Kinorwe. Huyu nilikuwa nimemfundisha shikamoo. Wenzangu humwita mtu wa miaka tisini kwa jina lake la kwanza, na ndivyo wazee wenyewe wa kule wanavyotaka, lakini ulimi wangu uligoma. Basi tukakubaliana shikamoo. Aliipenda hata akawa anajibu marahaba nikiwa bado mlangoni. Siku ile alinisimulia miaka ya 1930. Mvua zilikata, ngano ikafia ardhini, na udongo wenyewe ukapaa. Mwaka 1937 ndio uliokuwa mbaya kuliko yote. Julai 5 mwaka ule, katika miji ya Midale na Yellow Grass, joto lilifika nyuzi 45, na rekodi hiyo ya Kanada haikuvunjwa mpaka mwaka 2021. Vumbi lilikuwa linakuja kama ukuta, mchana taa zinawashwa. Mama yake aliloweka mashuka na kuyatundika madirishani. Ng'ombe walilishwa miiba. Serikali ilileta kwa treni samaki wakavu kutoka pwani ya mashariki, na watu wa bara wasiojua samaki wa chumvi wakabaki wanawatazama. "Na meza," akasema, "tuliiandaa sahani zikiwa zimelala kifudifudi. Huigeuzi mpaka chakula kiko mkononi mwa mama. Ukigeuza mapema unakula mchanga."

Nilizima kinasa sauti. Nilimwomba arudie, nikakiwasha tena.

Kesho yake mchana nilikuwa zamu. Yule bibi wa sahani akaipindua kama kawaida, na safari hii niliiacha. Nilileta chakula kwenye bakuli, nikakaa pembeni yake, nikamwambia kiko tayari. Akaishika sahani kwa mikono yote miwili, akaigeuza mwenyewe, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wake mzima, mzunguko kamili, kama mtu anayefuta kitu. Akaninyooshea nimpakulie. Akala chote.

Nikaenda stoo ya mashuka nikalia. Kisha nikalifungua daftari la zamu nikaandika kwa herufi kubwa: sahani yake msiigeuze.

Bibi huyo huyo alinifundisha jambo la pili. Nilijaribu kumhoji mara tatu kwa Kiingereza, ananiangalia tu. Wazazi wake walikuwa Wamenoni, dhehebu la Kikristo, waliokimbia Urusi miaka ya 1920, baada ya mapinduzi na njaa, na nyumbani kwao walizungumza Plautdietsch, Kijerumani chao cha kale. Kiingereza alikikuta shuleni, na uzee ulipofika kilikuwa cha kwanza kuondoka. Mimi nimezaliwa kwenye nyumba ya Kiiraqw, Kiswahili nimekikuta shuleni, na bibi yangu mzaa baba alifariki akiwa amebaki na Kiiraqw peke yake. Nilipaswa kuliona jambo hili kabla ya mtu yeyote, nami nilichukua miezi mitano. Nilimtafuta mama mmoja mkulima anayezungumza lugha ile, akaja na mkate wake wa nyumbani. Wakazungumza dakika hamsini. Sikuelewa hata neno. Yule mama alinitafsiria baadaye kwa maandishi: kaka yake aliyezikwa njiani, mti wa mlozi kwenye ua wa babu yao ambao yeye hakuuona kamwe ila aliusikia kila siku. Kama mzee wako amenyamaza, mtafute anayejua lugha yake ya kwanza kabla hujasema amesahau.

Wanaume wa pale wana kijiwe chao. Ni meza moja ndefu kwenye mgahawa, kila asubuhi saa tatu, kahawa, kofia za kampuni za mbegu vichwani, na kiti cha aliyefariki huachwa wazi kwa wiki kadhaa bila mtu kusema kitu. Mtu aliyekulia Tanzania anaelewa kijiwe mara moja. Walinikaribisha nilipoanza kuuliza habari za ngano, unyevu wa punje, kutu ya majani, kombaini ipi inapoteza mbegu. Hayo niliyasikia kwa baba. Lakini hapo nilifanya kosa ambalo bado linaniuma. Nilikuwa nimesoma kwamba Julai 1962, Saskatchewan ilipoanzisha bima ya matibabu kwa wote, ya kwanza Kanada, madaktari waligoma siku 23. Nikauliza mezani: ninyi mlikuwa upande gani? Meza ikafa. Wawili waliinuka. Kumbe mgomo ule uligawa ndugu, makanisa, hata timu ya curling, mchezo wa kutelezesha mawe juu ya barafu, na wawili wale walikuwa shemeji waliochukua miaka mingi kurudi kukaa meza moja. Mzee mmoja alinifuata nje, akaniambia kwa upole: maswali ya namna hiyo, mwanangu, ulizia nyumbani kwa mtu. Nilikwenda nyumbani kwa kila mmoja kuomba radhi. Wote wawili walinisimulia, kila mtu kwake, na wote waliomba lisichapwe. Halikuchapwa.

Habari za kufungwa kwa vitu, hizo walizisema hadharani bila shida. Hospitali za vijijini 52 zilizofungwa au kupunguzwa mwaka 1993. Ruzuku ya kusafirisha nafaka kwa reli iliyoondolewa mwaka 1995, na matawi ya reli yaliyokufa baada yake. Ghala la nafaka la mbao, refu kama mnara, jina la mji limeandikwa ubavuni. Kila mmoja ana picha ya siku lilipoangushwa, na kila mmoja aliipiga akiwa amesimama mahali palepale.

Kuhusu picha. Wazee walinipa maboksi ya viatu yaliyojaa picha, na mimi nilizibeba zote nyumbani nikazipiga skana kwa furaha. Zikarudi safi, bila majina. Miezi minne baadaye, wawili kati ya wenye picha hawakuweza tena kunitajia walio ndani yake. Fanya kinyume changu: kaa naye kwanza, na kioo cha kukuzia, picha moja moja, kinasa sauti kikiwa kimewashwa, andika nyuma kwa penseli laini, siyo kalamu ya wino. Skana ngoja. Na wanawake waulize jina walilozaliwa nalo. Kile kitabu cha 1980 kimejaa wake wa fulani na fulani. Hata ardhi ile ya bure, mwanamke hakuweza kuiomba isipokuwa awe mjane au kiongozi wa nyumba, kwa hiyo kwenye karatasi za serikali mama zao karibu hawapo. Nilipoanza kuuliza, mama yako aliitwa nani kabla ya kuolewa, bibi watatu walilazimika kupiga simu kwa binamu.

Nyingine za haraka. Kaa upande wa sikio linalosikia, mwanga ukuangukie wewe usoni ili aone midomo yako. Zima televisheni. Asubuhi baada ya chai, dakika arobaini, basi. Kabla ya kuanza angalia nafasi kwenye simu. Mimi nilipoteza simulizi nzima ya dhoruba ya theluji ya Februari 1947, ile iliyofukia treni, kwa sababu simu ilijaa dakika ya sita na mimi natikisa kichwa tu nasikiliza. Alinisimulia tena, lakini mara ya pili alifupisha. Tangu hapo nilinunua kinasa sauti cha dola 130, na kila jioni natunza nakala mbili, moja nyumbani, moja kwenye makumbusho. Saa moja ya maongezi ilinichukua saa saba kuiandika, maana Kiingereza cha nyika kina maneno yake. Ifanye wiki ile ile.

Kuna jambo lilinisumbua tangu nilipofungua kile kitabu cha 1980. Kilianza kwa kusema kwamba walipofika wakulima pale hapakuwa na kitu, ni majani na upepo. Nchi ile ilikuwa chini ya Mkataba wa 4 wa mwaka 1874, kati ya serikali na wenyeji wa asili, na Wakrii, mmoja wa watu hao wa asili, waliokuwa wakiishi vilima vya Cypress walisukumwa kwa njaa kwenda mbali miaka ya 1880. Jamii moja yao, ya Nekaneet, iligoma kuondoka, ikakaa bila ardhi yake iliyotengwa mpaka 1913. Mimi ninaijua sentensi ile ya "hapakuwa na kitu". Kwetu Hanang ilisemwa hivyo hivyo. Mashamba ya ngano yalikaa juu ya malisho ya Wabarbaig, na juu ya bung'eda, vichuguu vya makaburi wanavyowajengea wazee wao wakuu. Baadhi vilipitiwa na plau. Wabarbaig walikwenda hadi mahakamani. Na baba yangu alikuwa kwenye usukani wa mashine, na mimi sijawahi kumuuliza.

Nikaiambia kamati: bila Wakrii siendelei. Kulikuwa na mvutano, wiki mbili, kisha wakakubali. Nilipelekwa kwa bibi mmoja wa Kikrii, mwenye miaka themanini na kidogo, na mimi nikaingia na fomu ya ruhusa na kinasa sauti nimekishika mbele kama bakuli la sadaka. Mjukuu wake akanivuta pembeni. Kwao mtu anayeomba maneno ya mzee hutangulia kutoa tumbaku, na mzee akiipokea ndiyo amekubali. Nilirudi wiki iliyofuata na tumbaku. Akaipokea. Alinisimulia farasi za baba yake, kuchuma matunda ya saskatoon, mashindano ya rodeo. Kuhusu shule ya bweni ambako watoto wao walipelekwa kwa nguvu, alisema maneno manne: ile siiweki kwenye mashine. Aliendelea kunisimulia mashine ikiwa imezimwa, na nilichokisikia ninacho mimi. Sura yake ndiyo ya kwanza kwenye kitabu, na aliisoma yote kabla haijaenda kiwandani.

Laiti ningefanya hivyo kwa wote. Kitabu kilitoka Oktoba 2019, nakala 120, dola 3,900, fedha zilizopatikana kwenye ile karamu ya bata mzinga ambayo kila mji wa nyika huifanya baada ya mavuno. Wiki moja tu, simu ikalia. Bibi mmoja alikuwa amenisimulia kwamba alizaa kabla ya ndoa na mtoto akalelewa kama mdogo wake. Aliniruhusu, alisaini. Lakini yule "mdogo" alikuwa hai, ana miaka sitini na kitu, na alikuwa hajui. Aliisoma kwenye ukurasa wa 88.

Sitasema mengi kuhusu jioni ile. Nilikwenda kwake na mwanakamati mmoja. Alifungua mlango, akatuangalia, akaufunga. Tulikusanya nakala zote ambazo zilikuwa hazijauzwa, tukazunguka nyumba kwa nyumba kuomba zilizouzwa, tukachapa upya kurasa zile kwa dola 640, na mia tatu kati ya hizo nilizitoa mfukoni mwangu. Mama na binti walizungumza baadaye, kwa mwaka mzima wa mwisho wa yule bibi, na binti aliniandikia kadi. Hiyo haifuti. Saini ya mzee inatosha kwa maisha yake peke yake. Kila simulizi ina mtu mwingine ndani yake, na kama yu hai, lazima aisikie kwanza kutoka kwa anayemhusu, siyo kwako.

Machi 2020 milango ya nyumba za wazee ikafungwa kwa sababu ya korona. Watoto wakawa wanasimama kwenye theluji nje ya dirisha, kiganja juu ya kioo. Sisi tulikuwa ndani. Zile sauti nilizirudisha kwa wenyewe. Jioni nilikuwa nawachezea, na mzee mmoja alisikiliza sauti ya mkewe marehemu ikieleza jinsi ya kupika mkate mwembamba wa viazi, usiku baada ya usiku, dakika kumi na moja zile zile.

Kabla ya hapo, msimu wa vuli kitabu kilipotoka, binti wa yule fundi wa Basotu alinisimamisha dukani. Akasema baba yake aliacha boksi la slaidi za Afrika, familia hawajui kitu ndani yake, na walikuwa wanafikiria kuzitupa. Akaniletea. Slaidi mia na kumi, hakuna iliyoandikwa. Nikaziinua moja moja kwenye taa ya jikoni. Mlima Hanang ukiwa na kofia ya wingu. Karakana. Ngano mpaka upeo wa macho. Soko la Katesh kabla sijazaliwa. Nilikaa na binti yule mezani, na safari hii mimi ndiye niliyekuwa nataja na yeye ndiye aliyekuwa anaandika kwa penseli.

Slaidi moja ina wanaume wanne wamesimama mbele ya trekta. Watatu wana ovaroli. Wa nne amejitenga hatua moja, amevaa mgolole, ana fimbo ya kuchungia, nyuma yake kuna kitu kama kichuguu kirefu, na plau imepita karibu nacho sana.

Niliipiga picha kwa simu nikamtumia baba, Katesh. Nikamwamkia, nikamwomba anitajie watu hao. Kisha nikaongeza swali nililoogopa: baba, kile kilicho nyuma yao ni nini, na kilikwenda wapi?

Kwa siku mbili hakujibu. Siku ya tatu ikaja sauti ya dakika kumi na nne. Wenye ovaroli aliwataja wote, kwa majina yao na ya baba zao, kijiji cha kila mmoja, nani amekufa na alikufa kwa nini. Akafika kwa wa nne. Nilisikia anavuta pumzi, kuku wanalia nyuma yake. Akasema: huyu alikuwa anakuja kila asubuhi kusimama pale, na mimi nilikuwa namwona kila asubuhi, na jina lake silijui. Kile cha nyuma nitakueleza, lakini usinirekodi leo. Kuna mzee yuko Basotu alikuwa karani wa stoo, akili yake bado nzima. Kesho napanda bodaboda nikamuulize.